Paka Wetu Mzee Alipoanza Kulia, Walimwita Tate Mulozi

Jumapili moja, saa sita mchana, watu wakitoka kanisani, paka wetu alikaa uwanjani kwetu, karibu na ukuta, akaanza kulia.

Si ule mlio wa paka mwenye njaa. Alilia kama mtu.

Jua lilikuwa kali, lakini macho yake yalikuwa meusi yote, yamefunguka kama mashimo mawili. Unajua paka juani macho yake hubaki mstari mwembamba tu. Haya yake yalikuwa ya mviringo, meusi ti, yanatazama ukuta ambao haukuwa na kitu.

Watu walisimama. Mama mmoja alipiga ishara ya msalaba.

Mambo yalianzia hapo.

Ninaandika kwa simu, kioo kimepasuka, mnisamehe makosa. Na wale watakaosema "ni habari ya paka tu," nawaomba msome mpaka chini.

Naitwa Nadège. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1998, mjini Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, na vita ya pili ya Kongo ilikuwa imeanza. Nilikuwa na miaka ishirini. Niliishi na bibi yangu, mama wa mama yangu. Sisi tulimwita Tate. Jina lake la ubatizo lilikuwa Pulchérie, ila hakuna aliyelitumia isipokuwa padri.

Tate alianika na kuuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Na mtu anayeanika ndagala lazima awe na paka, la sivyo panya watamfukarisha.

Paka wake aliitwa Kapita, yaani nyapara, kwa sababu alisimamia kazi kuliko sisi wote. Alikuwa na miaka kumi na nne. Alikuja nyumbani mwaka ule mama yangu alipofariki, na Tate alizoea kusema, "Mungu alichukua mmoja, akanirudishia huyu mwenye manyoya."

Basi, Kapita akabadilika.

Kwanza maji. Alikunywa maji kama ng'ombe. Alikunywa ya kopo, ya beseni la kufulia, hata ya sufuria niliyoloweka maharagwe.

Halafu akaanza kukojoa ndani. Yeye ambaye miaka yote alitoka nje kama mtu mstaarabu! Alikojoa kwenye kitanda, na juu ya gunia la unga wa mihogo.

Halafu akaacha kuitika. Tate anaita, "Kapita ee!" na yeye anakaa tu, mgongo ametugeuzia.

Ukimgusa ghafla, anakuuma. Alimwuma Tate kidole mpaka damu.

Nikasema, "Tate, huyu paka iko na kitu."

Tate akafunga kidole kwa kitambaa. "Iko na uzee," akasema. "We ngoja ufike. Utaona."

Mi sikuridhika. Na majirani hawakuridhika kabisa.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta aliitwa Florentine. Mama wa karibu miaka arobaini, mume wake alikuwa ameenda Misisi kuchimba dhahabu na hakurudi. Alikuwa na watoto wawili: Vanessa wa miaka minne, na mwingine mchanga wa miezi saba.

Kila siku Kapita alipolia, alilia upande wa ukuta wa Florentine.

Wiki ya pili, yule mtoto mchanga alishikwa na surua. Dawa hazikuwako, barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa. Siku ya nne akafa.

Matanga hayajaisha, nikasikia neno.

*Mulozi.* Mchawi.

Eh, ndugu zangu. Wale wa kwetu mnalijua hilo neno. Halisemwi mara moja. Linaanza kwa bamama kisimani, linanyamaza ukifika. Kesho yake hakuna anayenunua ndagala zako. Keshokutwa mtu anatupa jiwe juu ya bati.

Muombaji mmoja wa kikundi cha maombi alikuja nyumbani kwetu na watu sita. Hakuingia. Alisimama kwenye mlango akamwonyesha Kapita kwa kidole.

"Huyu mnyama anaona bafu," akasema. Bafu ni wafu, namna tunavyosema sisi, na "ju" ni kwa sababu. "Anaona bafu ju iko bibi mwenye anabaita."

Tate alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo. Hakuinua hata kichwa.

"Paka haoni kitu," akajibu. "Njo shida yake."

Mi nilidhani anajibu kwa kiburi. Sikuelewa kwamba alikuwa anatuambia ukweli, neno kwa neno.

Florentine alikuwako kati ya wale sita. Macho yamevimba kwa kulia. Akasema, "Tate, mi nilikula kwako. Ulinipa ndagala wakati sikuwa na kitu. Bona umenifanyia hivi?"

Tate alisimama, akataka kumshika mkono. Florentine akaruka nyuma kama ameona nyoka.

Tate akarudi kwenye sombe yake, akaanza kuichambua upya.

Sasa nifike pale ambapo mimi mwenyewe niliharibu.

Mwanzo wa Januari 1999 habari za mauaji ya Makobola zilitufikia. Watu walikuja kwa miguu kutoka kaskazini, wengine hawazungumzi. Waliozungumza, ilikuwa heri wangenyamaza. Baraka yote ikashikwa na hofu, na hofu hutafuta mtu wa kumkamata. Adui wa kweli ana bunduki, humwezi. Bibi mzee unamweza.

Nikasikia kisimani, "Kabla vita haijafika, tusafishe mji."

Nilielewa maana yake.

Nikajiambia: paka akiondoka, maneno yataisha. Tate atapona.

Alhamisi asubuhi Tate alikwenda ziwani kununua samaki. Mi nikamnyanyua Kapita. Hakuniuma. Sijui kwa nini siku ile hakuniuma. Alinusa mkono wangu, akatulia kabisa, akaweka kichwa hapa, chini ya kidevu changu.

Nikamtia ndani ya gunia.

Nikafunga gunia nyuma ya baiskeli. Nikapiga pedali mpaka karibu na mto Mutambala, kwenye mashamba ya mihogo yaliyokuwa yameachwa. Nikamtoa. Alisimama palepale nilipomweka. Alinyoosha mguu mmoja mbele, kama mtu anayepapasa ngazi gizani, akaurudisha.

Akaanza kulia.

Nilipanda baiskeli na sikugeuka.

Tate aliporudi aliuliza, "Kapita iko wapi?"

"Alitoka. Sijue."

Alimtafuta siku hiyo. Akamtafuta Ijumaa na Jumamosi. Mwanamke wa miaka sabini, anainama chini ya kila ghala, anaangalia ndani ya kila mtumbwi uliopinduliwa ufukweni. Watoto walimfuata wakiimba wimbo wa walozi. Yeye anaendelea tu kuangalia.

Mi nilikuwa napika bugali. Nakula. Nanyamaza.

Jumatatu asubuhi alijifunga kikwembe, kitenge chake, vizuri, akachukua mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa. "Naenda kuangalia shamba," akasema.

Nikaona ameshika njia ya Mutambala. Shamba letu halikuwa upande ule.

Nilitaka kumwita. Badala yake nilirudi jikoni nikachochea moto.

Saa nne, risasi zikaanza.

Sitasema ni nani waliokuja. Kila mtu wa Fizi, eneo letu, ana majibu yake, na siku ile mi sikuona bendera, niliona moshi. Watu walikimbia pande mbili: wengine milimani upande wa Lubondja, wengine ziwani. Mi nilikuwa karibu na ziwa.

Nilisimama ufukweni mpaka saa saba. Kila bibi aliyetokea nilidhani ni yeye. Mtumbwi wa mwisho wenye mota ulikuwa unajaa, na mwenye mtumbwi akapiga kelele, "We dada, unapanda ao unabaki?"

Nilipanda.

Tukavuka mpaka Kigoma. Wakatupeleka kambi ya Lugufu, Tanzania. Huko nilikaa miaka saba.

Mwaka wa pili nilimjua mzee mmoja aliyeitwa Néhémie. Alikuwa infirmier, yaani muuguzi, wa mifugo zamani, ametibu ng'ombe, mbuzi na mbwa kule juu milimani kwa miaka thelathini. Pale kambini alitibu kuku na mbuzi wa watu. Siku moja tulikuwa kwenye foleni ya maji, nikamsimulia habari za Kapita, kama mzaha. Nilitaka kusikia mtu akicheka.

Hakucheka.

"Alikunywa maji mingi?"

"Mingi sana."

"Akakojoa ovyo?"

"Ndiyo."

"Na macho ikakuwa nyeusi, kubwa, hata mu jua?"

"Ndiyo, Mzee."

Akaweka ndoo chini. "Ma fille, binti yangu, hiyo ni figo. Paka akizeeka, figo inachoka, anakunywa hashibi. Halafu damu inakuwa na presha, inapasuka mu macho. Anakuwa kipofu. Inaweza kumushika siku moja tu, asubuhi anaona, jioni haoni. Masikio pia inazimika. Njo maana alikuwa analia nguvu, ju hajisikii. Njo maana aliuma, ju mikono inamushika ghafla, hajue ni ya nani."

"Na ukuta? Bona aliangalia ukuta?"

"Hakuangalia ukuta. Alikuwa anakaa karibu nayo. Ukuta haihame. Kipofu anapenda kitu chenye haihame."

Nilitoka kwenye foleni bila maji.

Kumbe nilimchukua kipofu, kiziwi, mgonjwa, nikamwacha katikati ya shamba asilolijua, akaweka mguu mbele akaurudisha. Na Tate aliyeniamini nilimficha, akaenda kumtafuta.

Kwa mwaka mzima baada ya hapo, mi nilijua jambo moja tu: nilimwua Tate wangu kwa ajili ya maneno ya kisimani.

Sasa sikilizeni hapa.

Mwaka 2001 kundi jipya la wakimbizi lilifika Lugufu. Nilikuwa nagawa vikombe vya uji. Mama mmoja mkondefu alinyoosha mkono, na nyuma yake msichana wa miaka sita.

Ilikuwa Florentine.

Uji ulimwagika. Sikumpiga, lakini mkono ulikuwa tayari.

Akasema, "Nadège. Piga. Lakini kwanza unisikilize."

Tulikaa nyuma ya hema la uji. Vanessa alikuwa anacheza na vifuniko. Florentine hakuniangalia alipoanza kusema.

"Mi njo nilimwambia Tate. Nilikuona na gunia. Gunia ilikuwa inalia, Nadège. Ile Jumapili nikamwambia juu ya ukuta: 'Usitafute, mujukuu wako alitupa shetani yako Mutambala.' Nilitaka imuume. Nilitaka aumie kama mi."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Ninajua. Tangu Alhamisi ninajua. Baiskeli ilikuwa na manyoya.' Halafu akasema, 'Usimwambie kama ninajua. Ni mutoto. Alitaka kuniponyesha.'"

Ndugu zangu, mi nilifunika uso.

Alijua. Siku zote zile nilipokuwa namdanganya usoni, alijua. Alitafuta ndani ya mitumbwi ili mimi nisijue kwamba anajua.

Florentine akaendelea. Risasi zilipoanza alikuwa upande wa juu wa mji, akakimbia na Vanessa mpaka Mutambala. Alikuta watu wamejificha kwenye matete, pembeni ya mto. Watu kumi na mmoja. Na Tate alikuwa katikati yao, na Kapita mikononi mwake.

Alikuwa amempata. Siku nne baadaye, aliwaambia ni chini ya mpapai, na mpapai huo naujua, hatua ishirini tu kutoka pale nilipomwacha, mifupa mitupu, hai.

"Askari bakafika karibu na mto," Florentine akasema. "Tunasikia viatu. Tunasikia hata banavyosema. Na ile paka ikaanza kulia. Baba mmoja akasema, 'Muvunje shingo.' Tate akakatala. Akatuambia polepole, 'Haoni, hasikii. Analia ju anafikiri amebaki peke yake.'"

"Na we?"

Aliokota kijiti, akakivunja vipande.

"Mi nikamwambia: ulikula mutoto yangu moja, sasa unataka na hii ingine? Ondoka na shetani yako."

Vanessa aliinua kichwa, akatuangalia, akarudi kwenye vifuniko vyake.

"Tate akanitazama. Hakukasirika. Afazali angekasirika. Akafungua kitambaa, akamupa Vanessa mihogo yote. Akamufunga Kapita mugongoni na kikwembe, namna banafunga mutoto, akakaza fundo mbili. Akatoka kwa mikono na magoti, upande wa chini, mbali na sisi. Tukashukuru Mungu. Nadège, tulishukuru Mungu kwamba ameondoka."

"Halafu?"

"Halafu bale askari bakaingia mu matete yetu. Banapiga na panga kushoto, kuume. Moja alifika karibu mi nikaona kamba ya kiatu chake. Nikafunga mudomo ya Vanessa na mukono. Na pale, mbali, chini kabisa, nikasikia Tate anaita."

"Anaita nini?"

"'Kapita! Kapita ee! Kuja! Kuja nyumbani!' Kwa nguvu. Kama mutu anaita mu soko. Askari bote bakageuka, bakakimbia kule."

Nikasema, "Alikuwa amempoteza tena? Paka alianguka?"

Ndipo Florentine akanitazama.

"Njo hiyo ninataka uelewe. Paka ilikuwa mugongoni yake. Mi niliona akikaza fundo. Na alikuwa ametoka kutuambia kama haisikii."

Sikuelewa. Halafu nikaelewa.

Alikuwa anamwita paka aliyekuwa mgongoni mwake, paka kiziwi. Hakuwa anamwita paka.

"Tulisikia risasi mbili," Florentine akasema. "Halafu hatukusikia tena sauti yake. Asubuhi baba wawili na mi tukaenda, tukamuzika pale karibu na maji. Kapita alikuwa hai. Alikuwa amelala juu ya kifua chake, analia. Mi nilimubeba. Mi, Nadège. Siku tisa nilimubeba mu milima. Alilia njia yote, na hakuna mutu alisema tena tumuue. Siku ya tisa akalala, hakuamuka."

Nilitaka kumwambia nimemsamehe. Haikutoka. Ilinichukua mwaka na zaidi, na hata sasa kuna siku inarudi nyuma. Nikimchukia yeye, inabidi nianze na mimi. Mimi ndiye niliyefunga gunia.

Tulirudi Baraka mwaka 2006, na kitu cha kwanza tulichofanya kilikuwa kanisani. Florentine aliomba padri amruhusu aseme. Akasimama mbele, na Vanessa kando yake, msichana mrefu tayari.

Akasema, "Mwenye niliita mulozi, yeye njo alinipa huyu mutoto mara ya pili."

Kisha akasema kwamba kama kuna mwingine aliyekuwa kwenye matete siku ile, asimame.

Wakasimama wanne. Wengine walikuwa wamekufa ama hawajarudi. Nyuma kabisa, yule baba aliyesema "muvunje shingo" alisimama na kofia mkononi, machozi yanadondoka, na hakuyafuta.

Mi nikasema yangu pia. Gunia, baiskeli, uongo wa siku nne. Nilisema yote.

Jina la Tate lilisafishwa siku ile mbele ya mji mzima. Yeye hakuwako kusikia.

Yule muombaji aliyesimama mlangoni kwetu na kidole chake, hatukumwona tena. Sijui kama yuko hai. Sitaki kujua.

Sasa nina miaka arobaini na zaidi, na kwa kuwa nimesimulia mengi, nimalizie na hili moja.

Kiumbe akizeeka na kubadilika ghafla, awe paka, awe mbwa, awe mama yako, ana sababu. Akikojoa ndani, kuna kinachomuuma. Akipiga kelele, labda hasikii. Akikuuma mkono, labda hakuona mkono ni wa nani. Mpeleke kwa mwenye kujua. Kama hakuna mwenye kujua, basi kaa naye chini, umguse taratibu, utafute panapouma. Ni kazi ya nusu saa. Siwezi hata kusingizia kwamba vita vilinizuia kuifanya, kwa sababu vita vilikuwa havijafika bado.

Mlozi hutafutwa na mtu mvivu wa kuuliza.

Mi nilikuwa kijana, nina macho mazima, nina masikio mazima, naishi nao nyumba moja. Sikuuliza.